AnkiDroid na maneno mazito ya Kiingereza: tathmini kwa watu wa Lamu

Ukiandika kwenye kadi kwamba "notorious" maana yake ni mashuhuri, AnkiDroid, programu ya simu ya kukariri kwa kadi, itakukumbusha hivyo kesho, wiki ijayo, mwezi ujao na mwakani, mpaka siku utakaposimama Mkunguni mbele ya Ngome na kumwambia mgeni "Lamu is notorious for its carved doors". Mgeni ataelewa kwamba milango yetu ina sifa mbaya. Neno hilo ni la umashuhuri wa ubaya: mwizi anayejulikana mji mzima, barabara ya ajali, mkondo unaozamisha vyombo. Programu haikukosea kitu. Imehifadhi ulichoipa.

Nguvu ya programu hii na udhaifu wake vyote viko hapo. Kwa kulinda neno lisipotee kichwani, hakuna chombo cha bure kinachoifikia. Kwa kukufundisha neno lenyewe, haina msaada wowote, na anayeitegemea kwa hilo atakariri makosa kwa uhodari mkubwa.

Kwa wasioijua: AnkiDroid ni toleo la simu za Android la programu ya kadi iitwayo Anki, iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006. "Anki" ni Kijapani, maana yake kukariri. Toleo la Android hutengenezwa na watu wanaojitolea, ni la bure kabisa, halina matangazo, na hupatikana Google Play na F-Droid. La kompyuta pia ni bure. Mwenye iPhone ndiye hulipa: AnkiMobile huuzwa dola 24.99, malipo ya mara moja, ingawa anaweza kutumia AnkiWeb kwenye kivinjari bila gharama. Unapoitafuta soma jina lote na uangalie aliyeitengeneza, kwa sababu zipo programu nyingine zenye majina yanayokaribiana zisizohusiana nayo.

Ukishaipakua, haihitaji bando tena. Kadi zote zinakaa ndani ya simu. Unaweza kuzipitia ndani ya mashua ya kwenda Mokowe, stima ikiwa imepotea, au mahali popote mtandao unaposuasua. Seti ya kadi elfu moja za maandishi matupu huwa nyepesi kuliko picha moja au mbili za simu. Kinacholemea ni sauti na picha.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Unaoneshwa upande wa mbele wa kadi, unajaribu kukumbuka, unageuza, kisha unajipa hukumu kwa kimoja kati ya vitufe vinne: "Again", "Hard", "Good" na "Easy". Kwa mpangilio wa kawaida, kadi mpya hurudi baada ya dakika 1, kisha dakika 10, na ukiijua inasogezwa kesho. Ukiendelea kubonyeza "Good", itarudi baada ya siku kama 3, kisha wiki moja hivi, kisha siku 18 au 19, kisha mwezi na nusu. Kila mara muda huzidishwa takriban mara mbili na nusu. Ukisahau, unarudishwa mwanzo. Msingi wake ni wa zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio yaliyoonesha jinsi mambo tuliyokariri yanavyomomonyoka upesi siku za mwanzo, na Mpolandi Piotr Woźniak akatunga katika miaka ya 1980 kanuni ya hesabu ambayo Anki iliichukua na kuirekebisha.

Tangu toleo la 23.10 la mwaka 2023, Anki ina kanuni nyingine ya hiari iitwayo FSRS, na AnkiDroid nayo imeipokea. Iwashe. Iko kwenye mipangilio ya seti. Badala ya kuzidisha kwa namba moja, inakadiria uwezekano wako wa kukumbuka kila kadi na kukuletea karibu na siku utakayoanza kusahau. Kipimo chake cha kawaida ni asilimia 90, na hakuna sababu ya kukigusa. Ukipandisha hadi 97 ukidhani unajitendea wema, idadi ya marudio itakulemea ndani ya mwezi.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi liko kwenye kitufe cha "Hard". Mtu amesahau neno, anaona haya kubonyeza "Again", anabonyeza "Hard". Kwa programu, "Hard" maana yake umekumbuka, ila kwa taabu, kwa hiyo inaongeza muda badala ya kuupunguza. Baada ya majuma machache seti imejaa maneno ambayo programu inaamini unayajua na wewe huyajui. Kanuni iwe moja: umesahau, hata nusu, bonyeza "Again". Wengi wangefanya vizuri zaidi kutumia vitufe viwili tu, "Again" na "Good".

Kosa la pili ni pupa. Programu huanza na kadi mpya 20 kwa siku. Siku ya kwanza ni rahisi, kwa sababu hakuna marudio. Lakini marudio ya kila siku hutulia mahali fulani kati ya mara saba na mara kumi ya kadi mpya unazoongeza. Kadi 20 mpya ni marudio 150 hadi 200 kila siku iendayo kwa Mungu, na mtu mwenye kazi hafiki wiki ya nne. Weka 6. Hapo utakuwa na marudio 40 hadi 60, ambayo kwa sekunde nane kila moja hayafiki dakika kumi.

Ni maneno gani sasa? Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa chuo kikuu cha Victoria kule Wellington, alikadiria kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Hakuna anayefika huko kwa kadi peke yake, na kadi si za kazi hiyo. Kwa mwanafunzi na mwombaji wa chuo, mahali pa kuanzia ni orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno ya kitaaluma: "analyse", "derive", "significant", "constitute" na wenzao. Hayo hujitokeza kwenye kitabu cha jiografia, cha biashara na cha sheria vilevile. Kwa maneno matatu kwa siku, kadi mbili kila neno, orodha yote huisha kwa siku 190. Neno "familia" hapa lisimtishe Mswahili. Sisi kutoka "soma" tunapata msomaji, somo, kisomo, someka na somesha. Kiingereza kutoka "analyse" kinapata "analysis", "analyst", "analytical". Tofauti ni kwamba sisi tunajenga mbele na nyuma ya mzizi, wao zaidi nyuma.

Mtembeza wageni, mhudumu wa hoteli Shela au nahodha wa mashua ya matembezi asianze na orodha hiyo. Maneno yake yako kwenye kazi yake. Mtu anayeingiza wageni ndani ya nyumba ya mawe anahitaji "niche" kwa kidaka, "lintel" kwa kizingiti cha juu cha mlango, "mangrove poles" kwa boriti za mikoko, "intricate" kwa nakshi iliyofumana, "dilapidated" kwa nyumba inayoelekea kuwa gofu. Anahitaji pia "brackish", neno la maji ya kisima yaliyoingiwa na chumvi kidogo, si matamu na si ya bahari, kwa sababu mgeni atauliza kwa nini vilima vya mchanga vya Shela vinalindwa, na jibu ni kwamba chini yake ndiko yaliko maji matamu ya mji.

Seti za tayari zinazopakuliwa mtandaoni, zile zenye maneno elfu kadhaa ya mitihani ya Marekani, tunashauri kuziacha. Si kwamba maneno yake ni ya uongo. Nyingi zina neno upande mmoja na kisawe upande wa pili, bila sentensi, na humo utakutana na neno kama "pulchritude", ambalo Mwingereza mwenyewe anaweza kumaliza mwaka bila kulitamka. Kibaya zaidi ni hicho kisawe. Ukikariri kwamba "exacerbate" ni kuongeza, utaandika "exacerbate my salary". Neno hilo huongeza ubaya tu: ugonjwa, ugomvi, uharibifu. Ukikariri kwamba "ubiquitous" ni -a kawaida, utamwambia mtu nguo yake ni "ubiquitous", kumbe neno lina maana ya kitu kilichozagaa kila uelekeako, kama punda katika Usita wa Mui.

Kadi nzuri, basi, hujengwa namna hii. Chagua aina iitwayo "Cloze". Andika sentensi nzima ya Kiingereza, weka alama neno unalojifunza, kisha bonyeza kitufe chenye mabano na nukta. Neno litafichwa na sentensi itabaki na pengo. Mfano: "Termites exacerbated the damage to the old beams", ambapo "exacerbated" inafichwa. Nyuma ya kadi andika vitu vinne tu: maana kwa Kiingereza chepesi, maana kwa Kiswahili katika sentensi hiyo, si maana zote za neno, mkazo wa matamshi kwa herufi kubwa, na maneno mawili au matatu yanayopenda kuandamana nalo. Ukijaza zaidi ya hapo hutasoma.

Pengo lina tatizo lake. Katika sentensi ya mchwa hapo juu, "worsened" na "aggravated" zote zinaingia, na utajikuta unabishana na kadi. Dawa ni kuweka kidokezo: herufi ya kwanza na idadi ya herufi. Programu ina nafasi ya kidokezo ndani ya pengo lenyewe.

Kwa mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, aina hii ya kadi ina faida ya ziada, kwa sababu karatasi ya kwanza ya Kiingereza, yenye alama 60, huwa na kifungu cha mapengo 10 chenye alama 10. Kadi inamzoesha jambo lilelile: kusoma kabla na baada ya pengo, kuuliza kama panahitajika nomino au kitenzi, kisha kuchagua. Kadi ya pili ya kila neno iwe ya kinyume, yaani Kiswahili mbele na Kiingereza nyuma. Ni ngumu zaidi na ndiyo inayomsaidia mtu kusema. Anayetaka kusoma tu anaweza kuiacha.

Maana ya Kiingereza itoke kwenye kamusi ya wanaojifunza, si kamusi ya wenyeji wa lugha. Kamusi ya Longman iliyotoka kwanza mwaka 1978 hueleza maneno yake yote kwa msamiati wa maneno kama 2,000, kwa hiyo hutumwi kutafuta neno gumu kwa neno gumu zaidi. Kwa upande wa Kiswahili, Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 bado ni mtaji mkubwa. Itumie hivi: soma kwanza maana ya Kiingereza na mifano, ndipo uchague katika yale maneno ya Kiswahili yaliyoorodheshwa moja linalokaa katika sentensi yako. Wanaoanza na Kiswahili huchukua lile la kwanza kwenye mstari, na huko ndiko "notorious" ya milango ilikotoka.

Maneno yanayokaribiana yanastahili kazi ya pekee. Tazama manne ambayo mtu wa Lamu hawezi kuyakwepa tangu mji uingizwe kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001: "preserve", "conserve", "restore", "renovate". Kiswahili chetu huyamaliza kwa kuhifadhi na kukarabati. Kiingereza kinatofautisha. "Preserve" ni kukifanya kitu kibaki kilivyo, kisiharibike. "Conserve" ni kukitunza kwa uangalifu kisipungue wala kuchakaa; ndilo la misitu, maji na umeme, na pia la majengo ya kale kwa wataalamu. "Restore" ni kukirudisha kilivyokuwa zamani: chokaa kwa chokaa, boriti kwa boriti. "Renovate" ni kukifanya kiwe kizuri na kipya, hata kwa saruji na vigae. Mwenye nyumba akiandika kwa mgeni kwamba nyumba ya karne ya 18 "was renovated", na mwingine akaandika "was restored", mgeni anayejua lugha ataamini amesoma habari za nyumba mbili tofauti. Usiyaweke maneno kama haya siku moja, kwa sababu yatachanganyika kabla hayajashika. Yaachanishe kwa wiki mbili, kisha tengeneza kadi ya kulinganisha.

Maneno yanayoandamana ni sehemu nyingine ambayo Kiswahili hutuvuta pembeni. Sisi tunasema mvua kubwa, wao husema mvua nzito, "heavy rain". Sisi tunapiga pasi, picha, simu na kelele kwa kitenzi kimoja. Wao wana kitenzi kwa kila kimoja. Tunajadili kuhusu jambo, kwa hiyo tunaandika "discuss about", kumbe "discuss" haitaki "about". Tunasisitiza juu ya jambo, tukaandika "emphasise on", ilhali "on" huja na nomino "emphasis" pekee. Vivyo hivyo "request for" na "comprise of" pale maneno hayo yanapokuwa vitenzi. Haya ni makosa ya Kenya nzima. Ficha kwenye pengo neno gumu pamoja na linalolifuata, ili mkono uzoee kutoandika kisichotakiwa.

Lakini Kiswahili kinatusaidia pia, na hapa msomaji wa Lamu, aliyepita chuoni, yaani madrasa, kabla ya shule, ana mali asiyoijua. Maneno mengi ya Kiingereza yanayoonekana magumu yalitoka kwenye Kiarabu kwa kupitia Kitaliano, Kireno, Kihispania au Kifaransa, na ndugu zake wamo kinywani mwetu. "Monsoon" ni mawsim ya Kiarabu, hiyohiyo iliyotupa msimu. "Cipher" ni sifr, ndugu wa sifuri. "Admiral" anatokana na amiri. "Magazine", kwa maana ya ghala ya silaha na hata jarida, inatokana na makhazin, shina moja na hazina. "Arsenal" ni dar as-sina'a, nyumba ya utengenezaji, na ndani yake mna sanaa. "Calibre" ni qalib, kalibu ya kusubu chuma. "Tariff" ni ndugu wa taarifa.

Andika ndugu huyo mahali pa mwisho nyuma ya kadi. Neno lenye jamaa unayemjua hushika upesi kuliko lililokuja peke yake. Ila undugu si maana. "Tariff" leo ni ushuru wa bidhaa au orodha ya bei, si taarifa. Na mtu wa "high calibre" ni mwenye uwezo wa juu, hana habari na chuma. Ndugu ni wa kukumbushia tu.

Matamshi AnkiDroid inaweza kuyashughulikia kwa sauti iliyowekwa kwenye kadi, lakini njia nyepesi ni ya kuiamuru simu isome maandishi. Inafanya kazi vizuri, ila kwanza pakua sauti ya Kiingereza kwenye mipangilio ya simu yenyewe, la sivyo itanyamaza mtandao ukikatika. Chagua sauti ya Uingereza, kwa sababu ndiyo ya shule zetu. Sauti hii ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Sisi tumezoea lugha inayosomeka jinsi ilivyoandikwa, kwa hiyo herufi za Kiingereza zilizo bubu hutukamata. "Subtle" haina b: SA-tol. "Debris" haina s: DE-bri. "Receipt" haina p, jambo ambalo risiti yetu ililitambua zamani. Watu wa vyombo wana zao: "buoy", ndugu wa boya, Mwingereza huitamka sawasawa na "boy", "gunwale", ukingo wa juu wa ubavu wa chombo, hutamkwa GA-nol, "boatswain" ni BOU-sun. Asiyeisikia sauti hatajua mgeni amesema nini hata kama neno analijua kwa maandishi.

Mkazo nao. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara: kiTAbu, kitaBUni. Tukiibeba tabia hiyo tunasema "anaLYsis" badala ya "aNAlysis". Kiingereza huhamisha mkazo kadiri neno linavyorefuka: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAphic. "Record" ikiwa nomino ni REcord, ikiwa kitenzi ni reCORD, na swali la aina hiyo si geni kwenye sehemu ya stadi za mazungumzo ya KCSE. "Epitome" ina silabi nne, e-PI-to-mi, na "hyperbole" vilevile, hai-PER-bo-li. Ndiyo maana ile herufi kubwa nyuma ya kadi si pambo.

Sasa mambo madogo ya mipangilio yanayowasumbua watu. Siku ya AnkiDroid haianzi usiku wa manane bali saa kumi alfajiri, inayoandikwa 4 kwenye mipangilio. Wakati wa Ramadhani, anayekaa macho hadi saa nane au saa tisa usiku bado anahesabiwa siku iliyopita; akiamka kula daku baada ya saa kumi atakuta kadi mpya zimefunguka. Mwezi huo, na siku za Maulidi mji unapofurika, weka kadi mpya ziwe 0 na uendelee na marudio. Yatapungua yenyewe siku hadi siku. Usiache kabisa: ukiacha siku kumi na marudio 50 kwa siku, utarudia mlima wa mamia ya kadi, na wengi huifuta programu siku hiyo. Aliyekwisha kukwama asilazimishe. Apitie 100 kwa siku na afunge kadi mpya mpaka rundo liishe.

Kadi uliyoisahau mara nane baada ya kuijua, programu huipa alama ya "leech", yaani ruba, na huweza pia kuisimamisha. Usiirudishe kama ilivyo. Karibu kila mara kosa ni la kadi: sentensi haielezi kitu, au neno linagongana na lingine. Iandike upya kwa sentensi ya mahali unapopajua, au ifute.

Hatari kubwa ya kweli ni kupoteza kila kitu. Kwenye simu za karibuni, ukiiondoa AnkiDroid iliyotoka Google Play, kadi zinaondoka nayo. Simu ikitumbukia majini gatini, hali ni ileile. Fungua akaunti ya AnkiWeb, ni ya bure, na usawazishe angalau mara moja kwa juma unapopata mtandao. Asiyetaka akaunti atoe nakala kwa kuhamisha mkusanyiko wote kuwa faili na kuituma kwenye simu nyingine. Unapomgawia mwenzako seti kwa Bluetooth au WhatsApp, ondoa alama ya kuambatanisha ratiba, la sivyo atapokea kadi na ratiba yako ya marudio, na maneno mageni kwake yatamjia baada ya miezi mitatu.

Sura ya programu si ya kuvutia. Mipangilio ni mingi, imeandikwa kiufundi, na mtu mgeni atapotea siku mbili za mwanzo. Hakuna nyota wala zawadi, hakuna anayekupongeza. Kwa mtoto wa shule ya msingi hatuipendekezi. Na kwa anayetafuta Kiingereza cha mwanzo, cha salamu na bei, ni mzigo bure. Huyo atajifunza haraka zaidi kwa kuzungumza na watu.

Asiye na simu yake mwenyewe, au mwalimu mwenye darasa, anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa karatasi. Mwandishi Sebastian Leitner aliieleza njia ya masanduku mwaka 1972. Kata karatasi ngumu ya A4 vipande vinane vilivyo sawa, kila kimoja milimita 74 kwa 105. Karatasi 72 zinatoa kadi 576, zinazotosha orodha yote ya Coxhead. Tenga masanduku matano. La kwanza lipitiwe kila siku, la pili kila baada ya siku 2, la tatu siku 4, la nne siku 8, la tano siku 16. Kadi uliyoijua inasogea sanduku moja mbele. Uliyoisahau inarudi la kwanza, popote ilipokuwa. Andika kwa kalamu ya wino wa mafuta, kwa sababu hewa yetu ya chumvi na unyevu huufanya wino wa maji uchuje, na funga kila sanduku kwa mpira ili upepo wa kusi usizichanganye.